Mlezi wa Ndani ya Seng'enge

Kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wa shule yetu kuna karatasi iliyotiwa kwenye fremu, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa AZIMIO LA UPATANISHO. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma barua za nyumbani. Inasema shule inajutia yale yaliyotendeka zamani dhidi ya wenyeji wa milima hii, lugha yao, mila zao na wazee wao. Inasema shule itafundisha nyimbo za Kiha, itawaalika wazee wawasimulie wanafunzi, na geti litakuwa wazi kwa kila mzazi. Ni karatasi nzuri, sina ugomvi nayo. Ila kila nikiisoma mwili unaniwasha, nainuka, naenda dirishani, narudi, naisoma tena. Karatasi yote ile haimtaji mtu hata mmoja, na mimi namjua mtu.

Tulimwita Mlezi. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana katika shule hii ya masista, upande wa Kasulu, wakati mimi nikiwa mwanafunzi, na nilipopangiwa kurudi hapa kufundisha Kiswahili nilimkuta bado yupo. Jina lake la kitawa lilikuwa refu, na hakuna mtoto aliyehangaika nalo. Alizaliwa lini, wa ukoo gani, mambo hayo sitayagusa, kwa sababu yeye mwenyewe kwa miaka mingi aliishi kama mtu aliyeshushwa pale getini siku ya kwanza ya shule.

Na nieleze mapema alichokuwa akikitafuta, msomaji asije akadhani nimekaa kumsengenya mtawa. Katika kijiji cha Kitanga alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtoto wa mama mmoja na baba mmoja, mkulima wa mihogo na maharage. Huyo mdogo wake alikuwa hajanywa naye kitu kwa miaka mingi mno. Huku kwetu ndugu kutonywa pamoja ni jambo zito, afadhali watukanane wakamaliza. Mlezi alitaka kunywa na mdogo wake kabla mmoja wao hajazikwa. Shule ilikuwa inataka kupatana na Waha wote, yeye alikuwa anamtaka huyo mmoja, na nguvu zake zote za uzeeni aliziweka hapo.

Alikuwa mtu wa kutembea. Kila siku saa kumi jioni alizunguka seng'enge ya shule, nguzo kwa nguzo, anaishika kila moja kama mama anayehesabu watoto wake kwenye stendi ya basi. Akikuta waya umelegea anaita fundi, na fundi akichelewa anaukaza mwenyewe kwa koleo. Hakujali mvua. Tulikuwa tukimwona kupitia dirisha la bweni, shela limelowa, viatu vya matairi vimejaa tope jekundu, anakwenda mbio kana kwamba kuna mtu anamngojea upande wa pili, na akifika upande wa pili anageuka. Nilikuwa namwogopa, na mpaka leo nikisikia viatu vya matairi kwenye sakafu ya saruji naacha ninachofanya.

Maneno yake tuliyajua kwa moyo. "Nimesema, sijaimba," hilo lilikuwa la mtu aliyejifanya hajasikia amri. "Lia polepole, Mungu si kiziwi," hilo lilikuwa la wageni wa darasa la kwanza waliokuwa wakililia mama zao. La tatu lilikuwa sheria kabisa: "Ndani ya seng'enge ni Kiswahili." Ukisema Kiha unavishwa kibao, kipande cha ubao wa kreti chenye kamba ya katani, unakivaa shingoni darasani, kanisani, mezani, mpaka asikiwe mwingine akisema Kiha ndipo nawe uvuliwe. Nilikivaa juma zima nilipofika. Kwetu ni Kibondo, wazazi wangu waliletwa kutoka Burundi migongoni mwa mama zao, wakakua, wakalima, wakapewa uraia. Nyumbani tulisema Kirundi. Nikajaribu kujitetea kwamba lile halikuwa Kiha.

"Mlio ni uleule," Mlezi akasema, akaikaza kamba.

Kiswahili chake sasa. Hapo lazima nimsifu hata kama sitaki. Alikuwa amekisoma redioni, kwenye misale na kwenye magazeti ya zamani yaliyofungiwa sabuni, na akakinyoosha mpaka hakikubaki na kunyanzi. Kasulu mjini kulikuwa na mwenye duka mmoja, Mwislamu, mzee ambaye babu zake walitoka Bagamoyo, na Mlezi alikuwa akinunua kwake sabuni na mafuta ya taa. Siku moja alinichukua nikambebee mzigo. Yule mzee alimkaribisha kwa maneno mengi ya kipwani, naye Mlezi akamrudishia kila neno na la ziada, mpaka mzee akacheka, akaniambia mimi, "Binti, huyu Sista wenu ni mtu wa Mrima huyu, msidanganywe." Mlezi hakumsahihisha. Alitoka pale dukani amenyooka mgongo, na njia nzima hakunigombeza hata kidogo.

Halafu wakaja watoto wa Kikongo. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipojaa, masista walikubali kuchukua wasichana wachache kutoka kambini, nao walikuja na Kiswahili chao: "Mama Sista, batoto banataka kwenda ku masomo." Tulicheka mpaka tukajikunja. Tukangoja kibao. Mlezi akawasikiliza, kichwa kakipindisha pembeni, akasema, "Hicho nacho ni Kiswahili. Kimechoka tu njiani." Hakuwagusa. Waha wa Kasulu, wenye ardhi yao, walivaa ubao shingoni, na wageni wakasameheka. Nilikuwa mtoto, lakini hata mimi niliona pale kuna kitu hakijakaa sawa, nikakosa wa kumuuliza.

Nikisema hivyo tu nitakuwa nimemwonea. Kulikuwa na msichana wa darasa la pili aliyekojoa kitandani karibu kila siku. Mlezi alikuwa akiingia bwenini alfajiri kabla ya kengele, anamwamsha kwa kumgusa kisigino, anachukua shuka lake na kulianika kwenye kamba ya nyumba ya masista, katikati ya mashuka yao meupe, ili lisijulikane ni la nani. Alifanya hivyo mwaka mzima. Sisi wengine tulijua, kwa sababu bwenini hakuna siri, lakini hakuna aliyethubutu kumcheka yule mtoto, maana angekuwa amemcheka Mlezi. Yule msichana sasa ni muuguzi. Ukimtajia Mlezi anatokwa na machozi, na mimi nikiyaona machozi yale nachukia, kisha naona haya kwa kuchukia.

Sasa geti. Karatasi ya ofisini inasema geti litakuwa wazi, na wageni wanaoisoma hawaelewi kwa nini jambo hilo limeandikwa. Wakati wetu mzazi asiyejua Kiswahili alisubiri nje. Siku ya kutembelewa mama na bibi walisimama upande wa barabara na vikapu vyao, mtoto upande wa ndani, na waliongea kupitia mwanafunzi mkubwa aliyewekwa pale kutafsiri. Mzazi anasema Kiha, mkubwa anakigeuza Kiswahili, mtoto anajibu Kiswahili, mkubwa anakigeuza tena. Mtoto anamwelewa mama yake vizuri kabisa na bado anangoja tafsiri. Hivyo ndivyo tulivyopewa habari za misiba, za mbuzi waliozaa, na za kaka waliooa.

Jumapili moja niko darasa la sita, Mlezi akanishika bega. "Njoo." Nikamfuata getini. Nje alikuwa amesimama bibi mmoja mfupi, miguu peku, vumbi hadi magotini, kikapu cha viazi kichwani. Alipotuona alishusha kikapu, akapiga magoti kidogo, akaanza kupiga makofi yale ya polepole ya kusalimia, huku akiita, "Mwakeye, mwana wanje. Mwakeye." Habari za asubuhi, mwanangu. Nilitazama nyuma kumtafuta huyo mwana. Palikuwa na mimi na Mlezi tu.

"Tafsiri," Mlezi akasema.

Nikatafsiri. Bibi alitaka kujua kama Mlezi anakula. Mlezi akasema, mwambie nakula. Bibi akasema mdogo wake anaoa, aje. Mlezi akasema, mwambie nina watoto mia wa kulinda. Kirundi changu na Kiha chao vinatofautiana hapa na pale, nikawa nakwama, na kila nilipokwama niliona midomo ya Mlezi ikicheza kidogo, kwa kuwa neno alikuwa nalo. Mwishoni bibi aliacha kuongea nami. Alimtazama yeye moja kwa moja, akasema maneno machache, akaacha nusu ya viazi getini, akajitwika kikapu, akaenda.

"Amesemaje?" Mlezi akaniuliza.

"Amesema sauti yako haijabadilika."

Alisimama pale mpaka bibi alipopotea kwenye kona ya mikaratusi. Kisha akaniambia nirudi nikafue. Bibi hakuja tena. Alifariki miaka michache baadaye, na Mlezi alikwenda msibani na shela lake jeupe, akatoa salamu za rambirambi kwa Kiswahili safi mbele ya watu wa ukoo wake. Mdogo wake aliinuka, akaagiza aletewe kiti na soda ya chupa, kama afisa wa serikali. Tangu siku hiyo kila alipokwenda alipewa kiti na chupa. Aliniambia haya yote miaka mingi baadaye, anaosha vikombe, bila kunitazama.

Pombe ilikuwa vita yake nyingine. Siku ya Komunyo ya kwanza wazazi walikuwa wakija na vibuyu vya pombe ya ndizi ili wafurahi na watoto wao, na yeye alivipokea getini kwa heshima, akavipeleka nyuma ya jikoni, akavimwaga. Nguruwe wa masista walilewa. Sisi tulikwenda kuwaangalia wakipepesuka, na hicho ndicho kichekesho kikubwa ninachokumbuka utotoni. Wazee waliokuwa wakirudi na vibuyu vitupu hawakucheka.

Miaka miwili iliyopita tukaletewa mkuu mpya, Sista kijana kutoka mkoa mwingine, mwenye moyo mweupe na mikutano mingi. Yeye ndiye aliyekuja na azimio. Aliunda kamati: yeye, mimi kwa ajili ya lugha, na Mlezi, aliyekwisha kustaafu lakini akiishi palepale nyumba ya masista, kwa ajili ya historia. Tuliandika, tukafuta, tukaandika. Nilipendekeza tuandike nani alifanya nini. Mkuu akasema kwa upole, "Mwalimu, tusifukue makaburi, tuseme shule." Nilibisha kidogo, nusu ya sauti, kisha nikakubali. Ikaandikwa shule. Mlezi hakusema neno kikao chote.

Siku ya upatanisho tulifunga turubai uwanjani. Wazee walikuja kutoka vijijini, wengi kutoka Kitanga, na msemaji wao alikuwa mdogo wake Mlezi. Mzee mwembamba, koti la kijivu, kofia mkononi. Alinisalimia mimi na mkuu kwa mikono miwili. Akamwita dada yake "Sista." Mkuu akasoma azimio lote, wanafunzi wakaimba, watu wakapiga makofi. Nilianza kuamini jambo hili litafika mahali. Ndipo zikaletwa kreti.

Mkuu alikuwa amefikiria kila kitu. Shuleni hapaingii pombe, basi aliagiza soda, na akahakikisha kila mgeni anapata yake, baridi, na kopo la bati la kumiminia. Wanafunzi wakapita wakigawa. Mdogo wake Mlezi alishika chupa yake, akaigeuza, akatazama mstari mzima wa wazee wenye chupa mikononi.

"Kila mtu na ya kwake?" akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu!" mkuu akajibu kwa furaha. "Zipo nyingi, usiwe na wasiwasi."

Mzee akainamisha kichwa, akaiweka chupa mezani bila kuifungua. Aliyekuwa kando yake akafanya hivyohivyo, na mwingine, mpaka chini ya turubai zima zikasikika chupa zikitua mezani, moja moja. Wakashukuru kwa adabu zote, wakaaga, wakaondoka. Waha wakikosana, anayeomba msamaha analeta chungu kimoja, anakunywa yeye kwanza ili ionekane hakuna ubaya ndani, na aliyekosewa anapokea mrija uleule. Sisi tuliwaita waje tupatane, kisha tukampa kila mmoja chupa yake. Hakuna namna ya wazi zaidi ya kumwambia Muha kwamba hujapatana naye. Jioni wanafunzi walikunywa soda zote, na mkuu alilia ofisini kwake, hajui alichokosea.

Nilimkuta Mlezi anazunguka seng'enge, polepole siku hizi, miguu imevimba. Nilikuwa nimewaka.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua tangu kreti zinashushwa."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema, ningeulizwa nimejulia wapi." Akashika nguzo, akapumua. "Miaka arobaini nimekaa hapa, mwalimu. Masista wenzangu wanadhani nimezaliwa Tabora."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikaishia kuokota kifuniko cha soda na kukirusha nje ya waya, jambo la kitoto kabisa, na yeye akanitazama kwa jicho la zamani mpaka nikatoka getini kukifuata.

Siku chache baadaye alinijia darasani baada ya vipindi, akaomba jambo. Mama yangu kule Kibondo bado anatengeneza pombe ya ndizi, je, angeweza kumtengenezea chungu kimoja? Nikampigia mama simu, nikaiweka kwa sauti ili wote tusikie.

"Ya kunywa tu, au ya kuombea radhi?" mama akauliza.

"Ya kuombea radhi," Mlezi akasema.

"Basi siwezi, Sista. Hiyo anaikamua mwenye kosa. Njoo ukamue."

Tukaenda Kibondo. Mama alikuwa ameshafukia ndizi shimoni na majani yake, zimeiva mpaka zinanukia nje ya uzio. Mlezi akavua shela, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kinu, akapandisha mikono ya gauni. Kichwa chake kilikuwa na mvi fupi, nami nilikuwa sijawahi kukiona. Mama alianza kumwelekeza, nyasi unazishika hivi, halafu unasokota. Akakatiza katikati. Mlezi alikuwa ameshatia mikono kwenye ndizi na nyasi, anakamua kwa mizunguko mifupi ya haraka, juisi inachuruzika safi, hajakosea hata mara moja. Akatia maji kwa kukadiria na jicho. Akaomba unga wa mtama uliokaangwa kabla hajaonyeshwa ulipo.

Mama akanivuta pembeni. "Huyu si mgeni na kazi hii," akanong'ona. "Huyu alikuwa anakaa kando ya mama yake akikamua. Muulize."

Sikumuuliza. Alikuwa anavuja jasho na anatukana ndizi kwa Kiha, matusi madogo ya jikoni, na nadhani mwenyewe hakusikia anachosema. Mama yangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi ilinichoma moyo, kwa kuwa nilihesabu ni watoto wangapi wangevaa kibao kwa maneno yale.

Pombe ilipoiva tuliitia kwenye dumu, tukapanda gari hadi Kasulu, na kutoka Kasulu pikipiki mbili, yeye mbele na dumu limefungwa kwa mpira, mimi nyuma yake nikimeza vumbi. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Karibu na kwa mdogo wake aliazima chungu kwa jirani, akaimimina humo, akakataa nisimsaidie kubeba. Alikwenda na chungu kifuani, miguu imevimba, akisimama kila hatua kumi. Nilimfuata nikiwa nimekunja ngumi, sijui kwa nini.

Mdogo wake alikuwa uani, anamenya mihogo na mke wake. Alituona toka mbali. Mke akainuka kuleta kiti, na mzee akamzuia kwa mkono. Akasubiri mpaka dada yake ameweka chungu chini mbele yake na kukaa kwenye mkeka. Nami nikakaa. Mlezi akatoa mrija, akautumbukiza, akanywa kwanza, akakohoa, akanywa tena. Kisha akaugeuzia kwa mdogo wake na kusalimia. "Mwakeye." Mzee akaitikia, ila mkono hakunyoosha.

Mlezi alipoanza kusema naye, Kiha kilikuja kwa shida, kwa vipande, kikichanganyika na Kiswahili, lakini kilikuja. Alisema amekuja kuomba radhi kwa ajili ya shule.

"Shule," mzee akasema. "Nilisomewa karatasi yenu. Shule ilikataza, shule ilizuia. Nikajiuliza, shule ina mikono? Wazungu wamekwenda zao, mapadre wa zamani wamekufa. Mimi namtafuta mtu, Sista. Nani alimzuia mama yangu getini?"

Mke aliacha kumenya. Mlezi alikuwa amejishika magoti kwa mikono miwili.

"Mimi," akasema. "Kutembelewa kwa Kiswahili hakukuwa kwa mapadre. Hakukuwa kwa Mama Mkuu. Alipouliza nilimdanganya kwamba wazazi wenyewe wameomba. Ni mimi niliyeiweka ile sheria."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa akija peku. Anapiga makofi na kunipigia magoti, mbele ya masista wenzangu, mimi niliyewaambia natoka mjini. Niliona haya. Nikaweka sheria kwa wazazi wote ili isionekane ni kwa ajili ya mmoja."

Kuku mmoja alikuja akadonoa maganda ya mihogo, mke wa mzee akamfukuza. Nilikuwa na hasira na Mlezi kiasi cha kutaka kuinuka niondoke, wazazi wote wa milima hii, mvua na jua, kwa ajili ya haya ya binti mmoja. Mzee alikuwa anamtazama dada yake usoni, na sidhani kama alikuwa amemtazama hivyo tangu wakiwa watoto. Mwishowe akainama, akashika mrija, akanywa. Alikunywa polepole, akapumzika, akanywa tena, kisha akamrudishia dada yake.

"Sasa umefika," akamwambia.

Mlezi akalia, kwa sauti, bila kujificha uso. Mzee alimwacha alie. Baadaye aliuchukua mrija mkononi mwake, akaufuta kwa kiganja, akanigeukia mimi.

"Na wewe, mwalimu? Umekuja kama nani?"

Nikasema nimemsindikiza. Akasema hapana, mtu hakai kwenye mkeka huu kwa kusindikiza. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba mimi pia nilivaa kibao, na ni kweli nilikivaa. Lakini Mlezi alikuwa ananitazama kwa macho mekundu, anangoja, na yeye alikuwa anajua. Kibao hakina masikio. Lazima awepo mtu wa kusikiliza bwenini na kwenye bomba la maji na kupeleka habari, na kuanzia darasa la tano mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa kiranja wa lugha. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mtoto wa Warundi katikati ya Waha, na daftari nililopewa la kuandikia lilinifanya niogopwe, nami nilipenda kuogopwa. Kwenye kamati, nilipokubali haraka tuandike shule, nilikuwa najificha mimi mwenyewe.

"Niliandika majina," nikasema. "Ya waliosema Kiha."

"Majina ya nani?"

Nilitaka kusema ni zamani, nimesahau. Ulimi ukakataa. Mzee alikuwa ameshika mrija, hajaunyoosha kwangu wala hajauweka chini.

"Domitila," nikaanza. "Yusta. Spesioza wa Kitanga hapa, mara nyingi. Generoza na mdogo wake. Odeta, aliyemjibu bibi yake getini kabla sijatafsiri."

Yalikuja yote, moja baada ya jingine, na nyuso zao. Nilipofika kwa msichana mmoja wa darasa la tatu, aliyekuwa na kovu kwenye paji, jina likanipotea. Nikalitafuta. Uso ninauona, jina silipati.

"Venansia," akasema Mlezi. "Endelea."